Likizo Nyuma ya Ua wa Matete

Aliyebuni likizo hakuwa na wakwe. Nimeufikia uamuzi huo baada ya miaka kumi na minane ya kuwafundisha watoto wa Kasongo kusoma, kuhesabu na kutopangusia kamasi kwenye daftari. Kila Julai shule ya mapadri inafungwa, padri mkuu anatupa mkono mmoja mmoja na kutuambia twende tukapumzike. Sijui anamwambia nani. Mwalimu akibaki Kasongo, anapewa ndoo ya chokaa apake kuta za madarasa. Akienda kijijini, anakuwa mwandishi wa barua wa ukoo mzima, mwamuzi wa magomvi ya mashamba ya mpunga, na fundi wa baiskeli ambazo yeye mwenyewe hajawahi kuzipanda.

Mwaka wa 1954 nilikuwa na sababu ya kutaka mapumziko ya kweli, yaani kuandika. Kwa miaka minne nilikuwa nikitunga riwaya, asubuhi kabla ya kengele na Jumapili baada ya misa. Madaftari kumi yalikuwa yamejaa, na la kumi na moja lilibakiwa na kurasa nyeupe za sura ya mwisho. Padri mkuu alikuwa amesoma kurasa chache akapendezwa. Aliniambia kwamba wenzake wana mtambo wa kuchapa vitabu huko mbali, mto unakoteremkia, na kwamba yeye mwenyewe angesafiri kwenda huko mara tu baada ya sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe kumi na tano Agosti. Nikimpa kazi iliyokamilika kabla ya hapo, ataibeba. Nikichelewa, safari nyingine haijui. Mimi Hippolyte, mtoto wa wakulima wa mihogo, jina langu juu ya jalada la kitabu: nilikitamani kitu hicho mpaka nikawa najizoeza sahihi ubaoni watoto wakitoka nje kucheza.

Riwaya ilihusu vita vya mwaka wa 1893, Waarabu na Waungwana wao, yaani Waafrika waliowafuata na kuvaa kama wao, walipopigwa Nyangwe na Kasongo na askari wa Bula Matari, kama watu wetu wanavyoiita Serikali mpaka leo. Shujaa wangu alikuwa msichana mmoja aliyetekwa na Waungwana akabebeshwa pembe za ndovu. Nilimpa jina ambalo watoto wa kike wa kwetu walipewa kwa mamia walipozaliwa wakati wa vita. Msomaji anayeyafahamu majina ya Maniema amekwisha kulijua, na ni vizuri, kwa sababu mimi siliandiki hapa. Nitaeleza kwa nini, ingawa kulieleza jambo lenyewe kunanichemsha damu hata leo.

Lazima niseme pia kwamba mimi ni mtu wa kuuliza. Nina daftari la pembeni ambalo si la riwaya, ni la maswali. Kwa nini kengele ya misheni na saa ya ofisi ya Serikali hazijawahi kupatana hata siku moja, na watu wote wanaadhibiwa kwa kuchelewa? Kwa nini mchele, chakula chetu cha Noeli na harusi, uliletwa na watu walewale waliotuuza, na hakuna anayekabwa nao kooni? Kwa nini mji wa Kasongo ulihamishwa, na pale ulipokuwa zamani watu wanapita haraka? Nilikuwa na maswali mia tatu na kumi na sita. Nilijivunia daftari hilo kuliko cheti changu cha ualimu.

Basi tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja kwenda Kabambare, mimi, mke wangu Sidonie, na binti yetu wa miaka tisa. Kwenye cheti cha ubatizo anaitwa Marie-Thérèse, lakini nyumbani kila mtu anamwita Bibi. Nilikaa juu ya magunia ya chumvi nikiwa nimeyakumbatia madaftari yangu kumi na moja ndani ya sanduku la bati. Lori liliharibika mara mbili. Mara zote mbili dereva aliniomba mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nitazame injini.

Kijiji cha wakwe zangu kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kabambare. Huko mkwe wa kiume ana kazi nyingi kabla hata hajaketi. Akikaribia, anakohoa kwa nguvu ili mama mkwe apate muda wa kuondoka. Wakikutana njiani, yeye anaingia majanini na mama anageuza uso. Hali chakula mbele yake, haketi naye, hamtazami, na jina lake halitoki mdomoni mwake mpaka kaburini. Miaka kumi na moja nilikuwa nimeyashika hayo yote bila kosa. Mama mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi, kwa harufu ya tumbaku yake, na kwa ncha ya kitenge ikitoweka pembeni mwa nyumba. Wakristo wenzake walimwita Mama Régina, na mimi nikimtaja nilisema mama, basi.

Nilipangiwa chumba chenye meza. Siku ya kwanza nikaandika mistari minne. Kisha akaja mtu na barua ya kumwandikia mwanawe aliye askari. Akaja mwingine anayetaka kujua kama ni kweli mwezi una watu. Akaja shemeji yangu Zéphirin, kaka mkubwa wa Sidonie na mkuu wa ua ule, akaniletea ugomvi wa mpaka wa shamba ulioanza kabla sijazaliwa, akanisimulia wote, halafu akasema hakuja kutaka hukumu, alikuwa anapitisha muda tu. Niliuma meno. Siku ya sita nilikuwa na mistari tisa.

Halafu ikaingia sikukuu ya tarehe ishirini na moja Julai. Swali namba themanini na nne katika daftari langu ni hilo: tunasherehekea nini? Nimeambiwa kwamba siku hiyo, zaidi ya miaka mia iliyopita, mfalme wa kwanza wa Wabelgiji aliapa mbele ya watu wake. Basi kwa sababu mtu mmoja aliinua mkono huko Ulaya, sisi tuliamshwa alfajiri, tukatembezwa hadi Kabambare, tukasimama juani mbele ya bendera, na baada ya hotuba kuhusu namna tulivyookolewa kutoka utumwani, wanaume wazima wenye wajukuu wakakimbia ndani ya magunia. Zéphirin alianguka akachubuka goti. Alipewa sabuni kama zawadi ya ushiriki.

Tuliporudi jua lilikuwa bado juu, na watu wote walikuwa na hamu ya kusahau magunia. Zéphirin akasema kwa kuwa siku ni ya sikukuu, na kwa kuwa shemeji yao anaandika kitabu ambacho hakuna aliyekiona, ni vizuri awasomee. Nikajifanya kusitasita. Ukweli ni kwamba niliisubiri siku hiyo kwa miaka minne.

Watu wakajaa uani. Wanawake waliketi upande wao, na mama mkwe aliketi nyuma ya ua wa matete ili aweze kusikia bila kuonana nami. Nilifungua daftari la kwanza nikasoma kwa sauti ya darasani. Nilipofika mahali msichana anapotokea, nikalitaja jina lake, na uani pakawa kimya.

Mwandishi ni mtu mjinga sana anaposikilizwa na watu. Nilidhani kimya kile ni sifa. Nikajiambia, unaona, hata hawapumui. Nikapandisha sauti. Nililitaja jina mara ya pili, ya tano, ya kumi. Kulikuwa na mahali ambapo mama wa msichana anamwita kutoka ng'ambo ya mto, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimenogewa, niliweka mikono mdomoni nikaliita jina lile kwa nguvu zangu zote mara tatu. Nyuma ya ua kitu kikaanguka na kuvunjika. Nikaendelea. Niliona wanaume wanatazama vidole vyao vya miguu. Mzee mmoja alijifunika uso kwa kofia. Nikafikiri analia.

Sidonie ndiye aliyekuja akalifunga daftari mikononi mwangu. Hakusema kitu mbele za watu. Alinivuta mpaka chumbani, akafunga mlango, akaniambia polepole, kwa sauti ya mtu anayemweleza mlevi:

"Ile jina ni ya mama."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha hasira ikaja kuniokoa, nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote aliyoniona nikiandika. Alisema hakupata kuyafungua madaftari yangu, kwani nilimkataza asiyaguse. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia tangu ndoa jina la mama yake.

"Haukuulizaka," alisema. "Na mutoto wako, unafikiri tunamwita Bibi juu ya nini? Amepewa jina ya mama. Tuliogopa wewe utaitamka, njo tukaficha."

Miaka tisa nilikuwa nimemwita binti yangu Bibi. Maswali mia tatu na kumi na sita, kuhusu kengele na mchele na mfalme wa watu wengine, na la kumwuliza mke wangu jina la mtoto wetu halikuwemo. Nililitazama daftari lile la maswali na kulichukia.

Hukumu ya Zéphirin ilitoka kesho yake. Nitoe mbuzi mweupe, na jina litoke katika madaftari yote kumi na moja, kwa sababu la sivyo litasomwa na watu tusiowajua, na mimi nitakuwa ninamtaja mama mkwe wangu kila siku hata nikiwa nimelala. Sidonie na mtoto hawataondoka nami mpaka kazi hiyo iishe. Alikuwa anachechemea kwa sababu ya goti lake na wala hakunionea huruma.

Mbuzi hakuwa shida. Shida ilikuwa wino. Raba haikuugusa. Nikachukua wembe, nikaanza kulikwaruza jina moja baada ya jingine, nikipuliza vumbi la karatasi. Jina lilikuwemo mara mia nne na zaidi, kwa maana nilikuwa nimempenda sana msichana yule na nilitafuta kila nafasi ya kumtaja. Kurasa nyingine zilitoboka. Siku nne nilikwaruza, kidole gumba kikafanya lengelenge, na watu waliendelea kuniletea barua zao. Nilijaribu kumpa msichana jina jingine. Nikaandika Faida, nikafuta. Nikaandika Léontine, nikamwona amevaa viatu, nikafuta. Mwishowe niliacha nafasi tupu nikisema nitajua cha kujaza.

Siku ya tano Bibi aliingia akasimama mlangoni. Alisema ametumwa. Bibi yake anauliza, yule mwanamke wa kitabu alifika wapi, kwa sababu kitabu kilifungwa akiwa bado ukingoni mwa mto.

Sikuamini. Nilijua kwamba aliaibika, nilijua chungu kilivunjika. Lakini alikuwa ametuma mtu, na aliyetumwa alikuwa anasubiri jibu. Nikabeba kiti changu na madaftari, nikaketi upande wangu wa ua wa matete. Upande wa pili nikasikia kikohozi na kusikia harufu ya tumbaku. Bibi aliketi kwenye upenyo wa ua, mahali ambapo angeweza kutuona sote wawili.

Nilisoma mchana wa siku tatu mfululizo. Kila nilipofika kwenye nafasi tupu nilisema yule. Yule akavuka. Yule akainua pembe. Ilinikera kusoma hivyo, kama kula ugali wenye mchanga, lakini nyuma ya ua hakuna aliyeinuka. Pale msichana alipoanguka na mzigo, nikasikia kiko kinagongwa jiweni.

Sura ya mwisho ilikuwa haijaandikwa, nikamweleza tu jinsi itakavyokuwa. Askari wa Bula Matari wanaingia Kasongo. Bendera inapanda. Askari mmoja anaikata kamba shingoni mwa msichana, pembe inaanguka chini, na yeye anakwenda kwao. Padri mkuu aliipenda sana sehemu hiyo nilipomsimulia, na hata hotuba ya Kabambare, siku ile ya magunia, ilikuwa imesema hivyohivyo.

Mama mkwe alicheka. Hakikuwa kicheko cha kunidharau, alicheka kwa kuchoka. Kisha akaanza kusema, na kwa kuwa hakuweza kusema nami alimwambia mtoto, na mtoto akawa ananigeuzia uso na kurudia kila neno, ingawa nilisikia yote vizuri kupitia matete.

"Ambia baba yako," alisema, "mama yangu hakuna mutu alimukatia kamba. Wale wa kwanza walimubebesha meno ya tembo mpaka Kasongo. Bula Matari akaingia, akapandisha bendera yake, akaona watu wa kubeba iko pale tayari. Akamubebesha kesi, sanduku ya risasi, kurudi njia ya Kabambare. Mimi nilizaliwa mule njiani. Walimupatia siku moja. Kesho yake, kesi kichwani, mimi mugongoni."

Bibi alirudia yote, mpaka ile kesho yake. Niliuliza, kupitia mtoto, mama yake aliitwa nani. Lilikuwa swali la kwanza la maana nililouliza mwaka ule.

"Sijui," alisema mama mkwe. "Alikufa mbele ya mimi kujua kuuliza. Nilimwitaka mama tu. Nani angeniambia? Wale walikuwa wanamwita 'wewe' tu."

Ng'ombe wewe, nilijiambia, wewe na daftari lako la maswali.

Ndipo akatoa ombi lake. Alisema yule wa kitabu anatembea kama mama yake alivyotembea, maana aliikumbuka shingo yake kutoka nyuma, aliyoitazama akiwa mgongoni. Kwa hiyo aachiwe jina. Yeye, mama mkwe, anampa mama yake jina lake, kwa kuwa hana jingine la kumpa. Lakini kamba isikatwe. Atembee mpaka alikotembea.

Nilimjibu kupitia mtoto, kwa heshima zote, na kwa uchungu wote, kwamba mapadri hawatakichapa kitabu cha namna hiyo. Nilisema pia kwamba jina limekwishatoka kwa wembe, na Zéphirin amehukumu, na mimi siwezi kuliandika tena.

"Ambia baba yako, sikuuliza nani atachapa," alisema. "Na yeye asiandike. Muenye jina iko hapa, masista walimufundisha kuandika."

Zéphirin aliitwa. Alikuna kichwa, akatafuta mila inayomzuia mtoto kuandika jina lake mwenyewe, akaikosa, akaenda zake. Basi wiki mbili zilizobaki za likizo yangu ziliisha hivyo: mimi nikiandika sura ya mwisho upya, nikinung'unika kwa kila sentensi, na binti yangu akikaa kwenye kona ya meza, ulimi nje, akijaza nafasi moja baada ya nyingine kwa herufi zake kubwa zilizopinda. Mahali palipotoboka alibandika karatasi kwa uji wa muhogo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kwa mara ya kwanza sikujua kilichofuata mpaka niliposikia kinasemwa nyuma ya ua.

Tulirudi Kasongo tarehe kumi na moja Agosti. Padri mkuu aliyapokea madaftari kwa furaha, akayasoma siku tatu, na jioni ya tarehe kumi na nne akaniita. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameyapanga madaftari kumi upande mmoja wa meza, na la kumi na moja peke yake upande mwingine. Alisema hayo kumi atayabeba. Hilo moja niliandike upya, kurasa sita tu, jinsi nilivyomweleza zamani. Serikali haitaruhusu vinginevyo, na ni hasara kubwa kitabu kizuri kizuiwe kwa kurasa sita. Gari lake linaondoka tarehe kumi na sita asubuhi. Akauliza pia, akitabasamu, kwa nini jina la shujaa limeandikwa kwa mkono wa mtoto. Nikasema kalamu yangu ilikuwa mbaya.

Nilirudi nyumbani na daftari la kumi na moja, nikijiambia kwamba kurasa sita si kitu. Nilitaka sana kitabu kile kichapwe, na sitajifanya kuwa mtakatifu. Mama mkwe hasomi, nilijiambia, na Kabambare ni mbali. Sikukuu ya Bikira Maria nilitoka kanisani nikakaa mezani na kuziandika kurasa zote sita bila kuinua kichwa. Ziliandikika haraka mno. Askari akaikata kamba ya, nafasi. Pembe ikaanguka, na, nafasi, akaenda kwao. Nikamwita Bibi aje ajaze.

Alikuja, akaketi kwenye kona yake, akachovya kalamu. Alisoma mstari wa kwanza kwa kidole. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Baba, huyu si yeye," alisema.

Nilimwambia aandike. Nilimwambia ni hadithi tu, na kwamba watoto hawahukumu kazi za watu wazima, na nikasema kwamba mimi ni baba yake. Machozi yakamtoka lakini mikono aliishikilia mapajani. Sidonie alisimama mlangoni na kikapu cha mchele, akatusikiliza, na hakumsaidia yeyote.

Nikamfukuza mtoto, nikaichukua kalamu mwenyewe. Hakuna aliyekuwa ananiona, kwa kuwa Sidonie alikuwa amemfuata nje. Jina lile nilikuwa nimeliandika zaidi ya mara mia nne kwa mkono huohuo, nalo lina herufi chache. Nilikaa na kalamu juu ya nafasi ya kwanza mpaka tone la wino likaanguka na kuijaza lenyewe, doa jeusi lisilosomeka. Nikazichana kurasa hizo sita mpya.

Tarehe kumi na sita asubuhi nilikwenda kuyachukua madaftari yangu kumi. Padri alinitazama kwa masikitiko, akanipa mkono kama anavyotupa kila Julai. Gari likaondoka. Mwezi mzima sikumsemesha mtu nyumbani isipokuwa kwa lazima, na watoto wa darasa la tatu walikiona cha moto.

Mwaka uliofuata, Julai ilipofika, nilisema siendi. Nitapaka chokaa. Lakini kulikuwa na ujumbe kutoka kijijini, ulioletwa na mwendesha baiskeli mmoja kutoka Kabambare: mama anasema Bibi aje, na kitabu aje nacho. Basi nikapanda tena lori lile, nikakaa tena juu ya magunia ya chumvi na sanduku la bati, na nikaitazama tena injini nisiyoijua.

Nilikohoa njiani kama inavyotakiwa. Niliwekewa kiti upande wangu wa ua wa matete. Upande wa pili Bibi aliketi na bibi yake, goti kwa goti, kwa sababu yeye anaruhusiwa, na alifungua daftari la kwanza akaanza kusoma. Alisoma vibaya. Aliruka vituo, alivuta pumzi katikati ya maneno, na pale ambapo nilikuwa nimeweka maelezo mazuri ya mto Lualaba alipita mbio. Nilitaka kumsahihisha na sikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo. Lakini kila alipofika penye jina alilisema taratibu, lote, kwa sauti, na kila mara mama mkwe aliitika, "Ee." Aliliitikia kwa ajili yake na kwa ajili ya mama yake.

Mtu mmoja akaja na barua akitaka nimwandikie. Nikamwambia asubiri, ninasikiliza.